Askari Asiye na Hati

Mjukuu wangu Ahmada alikuwa akitafutwa. Walisema kavusha karafuu za magendo, naye kwa woga kajificha. Kila mtu ajua hapitishi siku asinitumie ujumbe wa sauti, kwa hiyo dada yake Nadhira akanionya mapema.

"Bibi, askari akija kuitaka simu yako, mwambie alete hati ya mahakama. Bila hati haifungui, ila umpe mwenyewe kwa ridhaa yako."

"Mie nimpe? Kwani nimerogwa?"

Asubuhi askari akaja, kijana mmoja mpole aitwaye Ame. Viatu kavivua mwenyewe. Nikampa kahawa, mgeni ni mgeni, hata aliyekuja kumsaka mjukuu wako.

"Bi Time, naomba niitazame simu yako."

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mgeni mikono mitupu, ataka kufunguliwa kabati."

Akakuna kichwa. "Kimenishinda."

"Nipe mji."

"Nakupa Wete."

"Wete nimekwenda, nimekula nimeshiba. Ni weye, askari usiye na hati!"

Akacheka, akaaga aende kuifuata hati mahakamani. Nami nikamwambia Nadhira jikoni, mie hakimu! Mie wa darasa la nne, nimemshinda mtu wa serikali.

Yuko barazani afunga kamba za viatu, simu ikaleta ujumbe. Nikabonyeza, sisikii kitu. Na kwangu desturi ni moja: kijana yeyote apitaye barazani hupewa simu anitengenezee. Muuza samaki keshaitengeneza, imamu keshaitengeneza.

"Ame mwanangu, hebu nipandishie sauti."

"Wanipa mwenyewe, Bibi?"

"Shika, baba, shika! Ifungue kabisa."

Sauti ya Ahmada ikajaa baraza nzima: "Bibi, bado niko Chake Chake kwa Mjomba Silima. Sikubeba karafuu, wallahi, naogopa tu."

Nadhira akatoka jikoni na unga mikononi, akanitazama kama atazamaye chungu kilichopasuka na mchuzi ndani.

"Ahsante, Bi Time," akasema Ame, akanirudishia simu kwa mikono miwili.

Ahmada akafuatwa huko huko, akahojiwa mpaka alasiri, wasimwone na kosa, wakamwachia. Alipokuja kwangu nilikuwa nyuma ya mlango, mtu mzima miye, nimejifunika kanga gubigubi.

"Toka, Bi Hakimu," akasema.

Tangu hapo hanitumii sauti tena. Akiwa na neno huja mwenyewe kwa miguu kutoka kwake Jadida, tukakaa, tukanywa chai. Mungu anisamehe, hasara yangu siioni.