Taa Iliyookwa Jikoni Kwangu

"Shemeji, hiyo ni taa, si mkate," Honi alisema, amejishika kiuno mlangoni pa jiko langu. "Binti yako akiiyeyusha, kesho nikakaguliwe na tochi?"

"Kwani sasa ina nini?" nikamjibu. "Ukungu huo ndani, hata samaki wanaishi."

Honi ni jirani yetu, dereva wa teksi. Mtaa mzima umemzoea kwa jina hilo na kwa kelele zake. Bila taa nzima ya mbele ya gari, ukaguzi ungemnyima kibali cha kubeba abiria. Na binti yangu, ambaye gereji anakojifunza wanampa spana za kuosha tu, alikuwa amemwahidi mbele ya majirani kuitengeneza.

Alikwishatoa skrubu zote na kuilaza taa juu ya ubao ndani ya oveni, moto mdogo, dakika kumi. Kuku wangu wa kuoka akakaa pembeni, kama mgeni aliyenyang'anywa kiti. Gundi ilipolainika, binti akapenyeza bisibisi, kioo kikaachia polepole huku gundi ikivutika nyuzi nyeusi. Akakifuta, akapaka gundi mpya, akakibana, akangoja ipoe. Kisha akaziba matundu, akaizamisha taa kwenye beseni la maji na kuipuliza hewa ndani kwa mpira, kama fundi pancha.

Kiputo kimoja kikapanda kutoka kwenye kona: bado inavuja.

"Nilisema mimi," Honi akanong'ona, safari hii bila kelele. "Basi paka gundi kwa nje hapo, mwanangu, tumalize."

Nami nilitaka hivyohivyo, sifichi. Njaa ilikuwa imenishika.

"Hapana, baba," binti akamjibu Honi. "Nimeacha gundi ya zamani kwenye kona hii, kosa langu. Nikipaka kwa nje itashika wiki moja, halafu mvua inyeshe unitangaze mtaani. Inarudi ovenini."

Ikarudi. Safari hii alikwangua mfereji wote wa gundi mpaka ukang'aa, akaupitishia kucha kuhakikisha. Ilipozamishwa tena, Honi alipiga magoti, pua nusura iingie majini. Binti akapuliza hadi mashavu yakamjaa.

Maji yakatulia tuli, bila kiputo.

"Mwambie huyo bosi wake," Honi akaniambia, bado kapiga magoti, "spana aoshe mwenyewe."

Nikageukia oveni haraka, nisije nikalia mbele ya mtu wa maneno kama yule. Nikamsukuma kuku ndani. Alipoiva, taa ilishafungwa garini na inamulika ukuta wetu, na majirani watano wamejaa uani wakisimuliwa na Honi utadhani kaifungua yeye.

"Shemeji, nawa mikono," nikamwita. "Kuku kaingojea taa yako. Ingia ule, na hao wasikilizaji wako waje nao."