Mawe ya Kushikia Nafasi

Meno mawili ya Ntirenganya niliyatoa mimi, kwa nyundo, na sikatai. Watu wa Mabanga wanapenda kusimulia kwamba nilipandwa na pepo. Pepo gani? Nilikuwa na akili zangu zote. Mutu alikuwa anabomoa ukuta wangu, na ndani ya ule ukuta mulikuwa na nafasi ya mutoto wangu.

Mimi ni Munyakazi, fundi wa mawe, mutu wa Masisi, nakaa Lac Vert. Mwaka wa kwanza, direkteri Birindwa wa shule ya Mabanga alimurudisha binti yangu Perpétue sababu mukono wake haukufika. Desturi ni ile: mutoto anapitisha mukono wa kuume juu ya kichwa, akigusa sikio la kushoto anaingia kalasi ya kwanza. Mwaka wa pili mukono ulifika, lakini kalasi ilikuwa imejaa, hamsini asubuhi, hamsini muchana, wengine wamekaa chini kabisa. Mwaka wa tatu Birindwa akaniita. Alisema Goma inajaa, kila wiki watu wanashuka kutoka milimani, na yeye ameshapiga hesabu. Ataongeza nyumba moja ya kalasi, nayo isome mara mbili kwa siku, ibebe mia ingine. Nikiijenga mbele ya masomo kufunguliwa, Perpétue ataingia. Nilikubali palepale.

Hesabu yake aliitoa kwenye mawe. Hapo Mabanga muzazi anayetaka nafasi analeta jiwe, analiweka kwenye mustari uwanjani, na direkteri anaandika namba juu kwa chaki. Jiwe linashika nafasi ya mutoto mpaka siku ya kuandikisha. Mwaka ule yalifika mia moja tisini na nane. Mimi nakaa mbali, sikuwa na jiwe, nilikuwa na neno la Birindwa, basi hakuna mutu aliyenielezea mambo yale. Na Birindwa mwenyewe alikuwa ameenda Bukavu kwa matanga.

Ijumaa mvua ikanyesha, ikaosha chaki yote. Jumamosi ikawa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, na citoyens, raia wa mutaa, wakamwaga mawe ya kujengea uwanjani ovyo ovyo, wakaenda zao. Nikakuta lundo, na pembeni mustari murefu wa mawe makubwa, mazuri. Nikasema, kumbe kuna watu wenye akili, wamenipangia kabisa. Nikayajenga yote. Jumapili sikwenda hata misa. Ukuta ukanifika kifuani.

Jumatatu wazazi wakaja kuandikisha. Nilimuleta Perpétue, amevaa robe ya bluu aliyoshonewa na mama yake, Donatille, nikamusimamisha uwanjani. Nikamwambia aweke mukono juu ya kichwa na asiushushe mpaka direkteri amuone. Halafu akaja Ntirenganya, mufanyabiashara wa Bunagana, mwenye jiwe la kwanza. Wakati wa kuweka mawe alikuwa amelala pale siku mbili bila kurudi nyumbani ili awe wa kwanza. Alitafuta jiwe lake, lenye tundu katikati, akaliona ndani ya ukuta. Hakuuliza mutu. Alichukua mutarimbo wangu akaanza kulichokoa. Siminti ilikuwa bado mbichi, likatoka, na mawe ya juu yakafuata.

Nilimwambia aache, hiyo ni nyumba ya mutoto wake pia. Alinitemea mate usoni, akasema mimi mutu wa milima nimekuja kuiba nafasi za watu. Njo hapo nyundo ikaenda. Akapiga magoti, akaokota meno yake, akayatia mufukoni.

Basi wazazi wote wakauvamia ukuta. Kila mutu anatafuta jiwe lake, na mawe ya volkeno yote ni meusi, nani atalijua lake? Watu wawili walishika moja, wakapigana vichwa mpaka wakaanguka nalo. Muzazi mumoja, Mama Bibiche, alikuwa amekumbatia lake, mwenzake akamuponda goti. Birindwa, aliyerudi kutoka Bukavu asubuhi ile, alikuja mbio na daftari, jiwe likamupata kwenye paji la uso, akaanguka juu ya daftari lake. Nilipigwa ubavuni, pumzi ikakatika. Nilipoinua macho Ntirenganya alikuwa amesimama na mutarimbo. Nikaokota jiwe, nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Akainama.

Nyuma yake alikuwa Perpétue. Vita yote ile, na mukono wake ulikuwa bado juu ya kichwa. Alinitii. Jiwe liligonga mukono, na bila mukono lingegonga kichwa. Nilisikia mufupa.

Watu hawakuacha kupigana. Ntirenganya ndiye aliyetupa mutarimbo, akamubeba mutoto wangu mbio mpaka hospitali, damu ya mudomo wake ikimwagikia ile robe ya bluu. Mimi nilikuwa nyuma, nalia kama mujinga. Na kule uwanjani Birindwa aliamka, akafunga kitambaa kichwani, akaandika mia wa kwanza waliofika mulangoni. Akafunga daftari.

Wiki ikapita, nikamupeleka Perpétue tena shuleni. Mukono wa kuume ulikuwa ndani ya plâtre ngumu ya kuunga mufupa. Aliinua wa kushoto, akagusa sikio la kuume, akatabasamu. Birindwa alimuangalia sana.

"Mutoto anatosha," akasema. "Lakini nitamuweka wapi, Munyakazi? Ile nyumba ingebeba mia."

Hasira ilianza kunipanda. Nikaangalia ile plâtre, ikashuka yenyewe, nikabaki na aibu tupu. Birindwa akasema nilete jiwe kwa ajili ya mwaka ujao. Uwanjani wazazi walikuwa wameshaanza mustari mupya, wanachukua mawe palepale kwenye lundo la ukuta wangu. Nikainama niokote moja. Perpétue akanivuta shati.

"Hapana, papa. Wewe usishike. Nitaliweka mimi."

Akalisukuma kwa mukono wa kushoto na muguu, kidogo kidogo, mpaka kwenye mustari, nyuma ya jiwe moja lenye tundu katikati.