Mguu wa Upande wa Mlango

Mkamwana wangu Kisa hajapata kulitamka jina langu, wala mimi sijapata kumtazama usoni. Wageni wakisikia hivyo hudhani kwamba tumegombana. Hatukugombana. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe kama tulivyoipokea sisi Wanyakyusa: mwanamke aliyeolewa haketi alipo baba mkwe wake, hukaa pembeni anapopita, na halitaji jina lake wala neno lolote linalofanana na jina hilo. Wapo wengi, hata miongoni mwa wazee wa kanisa wenzangu, ambao wameiacha. Nyumbani kwangu haijaachwa.

Jina la ukoo wetu ni Mwakulila. Kwa sababu hiyo hakuna mwanamke wa nyumba yangu asemaye "kulia." Mtoto akitokwa machozi, Kisa husema mtoto "anaimba"; na mke wangu Veronika, ambaye marehemu baba yangu alikuwa mkwe wake, husema vivyo hivyo. Naeleza jambo hili mapema, kwa kuwa pasipo hilo haitaeleweka kwa nini gari nililolitengeneza kwa ufundi kamili lilikataa kwenda.

Kisa ni mwalimu wa chekechea katika kata yetu ya Ngana. Mume wake, mwanangu Jubilate, kazi imemweka Tunduma. Kabla sijaanza shughuli hii, Kisa alivunjika paja katika ajali ya pikipiki, mfupa ukaunga vibaya, na mguu mmoja ukabaki mfupi na dhaifu. Baiskeli ya kawaida haimudu, na pikipiki ameapa hatazipanda tena. Kiangazi hujikongoja kwa fimbo mpaka shuleni; masika njia ikigeuka tope, hafiki.

Katika kikao cha kamati ya shule, mwenyekiti wetu Asajile alisema wazi: "Mwaka jana mvua ilimfungia nyumbani, watoto wakashinda wanacheza. Mvua ikianza safari hii na mwalimu asionekane, darasa tutampa mwingine. Mzee Mwakulila, wewe ni mjumbe na ni mkwewe. Unasemaje?"

"Ni haki," nilisema. "Mtoto hafundishwi na mwalimu asiyefika."

Wajumbe walinitazama kama mtu asiye na huruma. Nikarudi nyumbani nikachukua msumeno wa chuma.

Katika banda langu la kazi palikuwa na baiskeli ya kulalia. Wazungu wawili waliovuka mpaka kutoka Malawi waliniachia baada ya uma wake wa nyuma kukatika, nao wakaendelea na safari kwa basi. Mwendeshaji wake haketi juu ya tandiko. Hujinyosha kitini kama mgonjwa aliyepata nafuu, miguu ikitangulia mbele kwenye pedali. Ilikuwa na magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Mtu aliyelala hivyo hahitaji kujisawazisha, kwa hiyo chombo hicho kilimfaa Kisa. Uma niliutengeneza, naye akajaribu. Akarudi ametapakaa tope.

Sababu niliiona mara moja nilipokwenda kuitazama njia. Magari ya kubeba mpunga na pawatila, vile vitrekta vya mkono, yamechimba mifereji miwili, na katikati pamebaki tuta la nyasi. Magurudumu ya mbele yalipita mifereji vizuri. La nyuma, lililokuwa peke yake, lilipanda tutani na kuserereka huko na huko. Dawa yake haikuwa fumbo: nyuma yawepo magurudumu mawili, yenye upana uleule wa yale ya mbele, yote manne yashike mifereji.

Nilikwenda Kyela mjini kwa Salehe, muuza vipuri vya baiskeli, mtu mwenye ulimi mwepesi ambaye babu yake alitoka pwani.

"Mzee wangu, rimu ya nne ya nini?" aliuliza. "Siku zote mnatuambia tatu zinatosha, leo mmeongeza?"

"Utatu ni wa Mungu, Salehe. Njia ya Ngana ni ya mifereji miwili. Lete na beringi."

Akacheka mpaka akaegemea kaunta. Mimi sikucheka dukani. Nilicheka kidogo njiani.

Ufundi niliusomea katika shule ya misheni, wakati ambapo mwanafunzi aliyepima vibaya alirudia kazi yote huku wenzake wakila. Kwa hiyo sikukurupuka. Nilikata sehemu ya nyuma ya fremu, nikaweka ekseli, nikachomelea. Mnyororo niliufunga uzungushe gurudumu moja tu, nikaliacha la pili lizunguke lenyewe, kwa maana magurudumu mawili yakifungwa pamoja hayawezi kupinda kona: la nje hutaka kukimbia kuliko la ndani, na ekseli haikubali. Tena, chombo cha magurudumu manne kikipita penye shimo huinua mguu mmoja kama mbwa. Nikaingiza bomba ndani ya bomba katikati ya fremu, ili nyuma iweze kujigeuza kidogo bila mbele, na magurudumu yote yabaki ardhini.

Lilibaki jambo la mguu. Mguu mfupi hauwezi kuzungusha mkono wa pedali ulio mrefu. Ni lazima mkono wa upande huo ufupishwe. Lakini ni upande upi? Mimi sikujua. Mtu ambaye hujamtazama kwa miaka yote hiyo, tena avaaye khanga mpaka kwenye kifundo cha mguu, utajuaje? Nikamwita Veronika, aliyekuwa jikoni na Kisa wakichambua mchele.

"Veronika, muulize mwenzako, mguu wenye shida ni upi?"

Nikasikia wakinong'ona, kisha Veronika akajibu kwa sauti: "Anasema ni wa upande wa mlango."

Nilikuwa nimekaa bandani mahali pangu pa siku zote, na mlango ulikuwa kushoto kwangu. Nikafupisha mkono wa kushoto.

Gari lilipotoka bandani, mimi niliingia ndani ya nyumba, kama ipasavyo, nikasikiliza dirishani. Sikio langu limefunzwa na tarumbeta za kanisa. Mnyororo uliozungushwa vizuri hutoa sauti moja mfululizo. Huu ulivuta, ukanyamaza, ukavuta, ukanyamaza. Gari lilifika kwenye kalavati iliyo mbele ya shamba langu la kakao, likashindwa kupanda, likarudi nyuma taratibu mpaka mtaroni.

"Anasemaje?" nilimuuliza Veronika.

"Anasema ni zuri sana. Anasema ndaga fijo."

"Liko wapi hilo zuri sana?"

"Mtaroni. Ila anashukuru."

Nikalikagua gari lote. Beringi nzima, ekseli imenyooka, mnyororo haukulegea. Ijumaa mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda juu ya ziwa, na mtu yeyote wa Kyela angeweza kukwambia kwamba Jumatatu mvua itakuwa imefika. Nilikuwa nimeshika tupa, sioni pa kuipitisha, ndipo watoto wa darasa la Kisa wakapita njiani wakirudi makwao kwa mwendo wa gwaride, wakipaza sauti:

"Kushoto! Mlango! Kushoto! Mlango!"

Nikaiweka tupa chini.

"Veronika, njoo. Mlango wa darasa la Kisa uko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si uliyeupachika ni wewe?"

Ni kweli niliupachika mimi, na bawaba zake sijasikia zikilalamika mpaka leo. Mtoto anayeutazama ubao anao mlango mkono wa kulia. Hivyo ndivyo mwalimu wao, ambaye hawezi kulitamka neno lile, alivyowafundisha. Na kinywani mwake mlango ulikuwa umekwisha kuwa jina la upande huo popote alipo, hata jikoni, hata pasipokuwa na mlango wowote.

Nikasogea hadi kwenye kona ya jiko, nikasimama nikiupa ukuta mgongo.

"Veronika, mwulize aliye ndani: mguu wake mfupi ni wa upande huu?" Nikapiga paja langu la kulia.

Veronika alichungulia paja langu, akaingia, akatoka. "Anasema ndiyo. Si alisema, wa mlango?"

"Na kwa nini hakusema kwamba pedali zimekosewa?"

Sauti ya Kisa ikatoka ndani, ndogo lakini imenyooka. "Mama, Baba aambiwe kwamba mimi siwezi kuikosoa kazi yake."

"Mwambie kwamba asipoikosoa, Jumatatu Asajile atampa mtu mwingine darasa, na mimi ni mjumbe, nitanyosha mkono."

"Mama, Baba aambiwe kwamba nalijua hilo. Ndiyo maana nimelala siku zote hizi naimba."

Ilinichukua muda kidogo kukumbuka maana ya kuimba katika nyumba yangu.

Veronika akaweka ungo chini. "Mimi nimechoka kuwa simu yenu. Mnasikiana vizuri. Mmoja wenu aseme jambo la maana."

Nikafikiri. Kumwambia Kisa aliseme neno lile kungekuwa kumvua heshima aliyoitunza vizuri kuliko binti zangu mwenyewe, na sikuwa tayari. Lakini kuacha upande mzima wa mwili wa binadamu uitwe mlango ni jambo la hatari. Leo ni pedali, kesho ni daktari mwenye kisu. Ndipo nikakumbuka darasa letu la misheni, na Biblia iliyochakaa pembe, tuliyoisoma kwa sauti mpaka maneno yake yakawa ndiyo usemi wetu.

"Veronika, mwambie kwamba Kiswahili kinalo neno lingine. Katika Maandiko, mkono huo huitwa mkono wa kuume. Neno hilo halimgusi Mwakulila yeyote, aliye hai wala aliyelala. Alitumie."



"Kuume," Kisa akasema, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga. Kisha kwa sauti kamili: "Mama, Baba aambiwe: mguu mfupi ni wa kuume. Na kiti kirudi nyuma kidogo. Na breki ni ngumu mno."

"Basi," Veronika akaniambia. "Umetaka kukosolewa."

Jumamosi nilifanya kazi kutwa. Mikono ya pedali haibadilishwi hivihivi, maana pedali ya kushoto hukazwa kinyume na mwenzake. Nikatengeneza upya pande zote mbili, nikarudisha kiti nyuma, nikalegeza breki. Jumatatu mvua iliamka kabla yetu. Nilisimama ndani, dirisha limefungwa, nikasikiliza. Mnyororo ulianza uani, ukapita migomba kwa sauti moja mfululizo, ukafika kwenye kalavati, ukazama kidogo kama mtu anayevuta pumzi, ukapanda. Niliusikia mpaka mwisho wa kakao, na baadaye ikabaki mvua.

Asajile alinijia mvua ikiwa imekwisha kuzoeleka, viatu mkononi, suruali imekunjwa magotini.

"Mzee, mkamwana wako hajakosa hata siku moja. Mimi mwenyewe nimechelewa, yeye nimemkuta. Darasa ni lake, kamati haina neno."

"Vema."

"Ila kuna jambo. Watoto wanapiga gwaride: kushoto, kuume, kushoto, kuume. Wananena kama manabii. Mkaguzi akija atatuuliza."

"Kuume ni Kiswahili safi, Asajile. Mkaguzi asiyelijua neno hilo mlete hapa, nitamfundisha."

Akacheka, akavaa viatu, akavua tena alipoiona njia. Alipokuwa akiondoka nilimsikia akijiamrisha mwenyewe katikati ya tope, kushoto, kuume, kushoto, kuume, mpaka alipotelezea kuume na kukaa chini.