Loretta Vane Hakuwahi Kuzaliwa

Daktari Felgate alikuja jikoni kwangu mara tatu kabla sijamkubalia. Si daktari wa kutibu mtu. Ni daktari wa muziki wa watu kama sisi, na chuo kinamlipa mshahara kwa kazi hiyo. Mara ya kwanza nilimpa pai ya nyama na njegere, akaila huku anaandika kwenye daftari, eti anachunguza mila zetu. Mila gani jamani, pai ya dukani ile.

"Bi Beryl," akaniambia, "tunafungua jukwaa la mtandaoni. Wasomi na mashabiki, meza moja. Nataka uwe msimamizi upande wa mashabiki. Wewe ni historia inayotembea."

"Nikitembea sana magoti yanauma. Nitapata nini humo?"

"Heshima, Bi Beryl."

Mimi nimeshona slipa kiwandani miaka ishirini na nane, najua mtu anapokupa heshima maana yake hana kingine cha kukupa. Lakini nilikubali, kwa sababu ya marehemu mume wangu, Norman. Norman alikuwa dijei, na kwa Lancashire nzima, huku kwetu kaskazini mwa Uingereza, hakuna aliyemfikia. Nikaona nisipokuwemo mimi, watamwandika watakavyo.

Siku zile madijei wetu walikuwa wakigombania santuri za Wamarekani weusi, santuri ambazo hata huko kwao hazikununuliwa. Ukiwa nayo moja ambayo mwenzako hana, ukumbi wako unajaa. Basi dijei alibandika karatasi nyeupe juu ya lebo, pale katikati ya santuri penye jina la mwimbaji, na kuandika jina la kutunga, ili mpinzani akija kuchungulia aende akamtafute mtu asiyekuwepo. Wote tuliujua mchezo huo na hatukuona ubaya. Msimu ukiisha karatasi inabanduliwa, jina la kweli linatoka.

Norman alifariki Februari, msimu haujaisha. Karatasi ikabaki.

Jina aliloliandika lilikuwa Loretta Vane. Alilitunga mezani kwangu huku anatafuna tosti. Na kwa kuwa wachezaji walitaka kasi, aliiongezea mashine ya santuri mwendo kidogo, sauti ikapanda ikawa ya mwanamke kabisa. Watu wakairekodi kwenye kanda, kanda zikazaa kanda, na Loretta Vane akawa mtu. Miaka ishirini na tano baadaye kanda moja ikamwangukia Daktari Felgate, naye akaiandikia sura nzima ya kitabu. Kurasa arobaini na sita. Alinisomea: pale Loretta anapopandisha sauti, tunasikia mwili wa mwanamke ukikataa kutawaliwa.

Nilikunywa chai yangu. Nilifurahi, sikufichi. Watu wa aina yake walituita wahuni tulipokuwa tunacheza, na sasa huyu amejichimbia shimo mwenyewe, tena kwa koleo la chuo. Aliponiuliza santuri yenyewe iko wapi nilimwambia iliuzwa. Ilikuwa kabatini chini ya mablanketi, na karatasi yake juu. Norman alisema asiibandue mtu mwingine, nami nilijiona mwaminifu.

Jukwaa lilifunguliwa Ijumaa saa nane mchana, kwenye ukumbi wa maktaba ya chuo. Kulikuwa na sandwichi za tango zilizokatwa ndogo ndogo, utadhani zimeandaliwa kwa ajili ya wanasesere. Ukutani walitundika kitambaa cheupe, ujumbe wote wa jukwaa ukawa unaonekana humo. Ukurasa wa kwanza kabisa ulikuwa na wimbo wa Loretta, ubofye usikie, na mwanafunzi mmoja alikuwa amemchorea sura, mwanamke mrembo mwenye huzuni.

Upande wangu alikaa Roy Duckworth, mshauri wa mashabiki. Roy hupenda kusimulia jinsi alivyocheza mbele ya mashine ya Norman. Norman alipofariki Roy alikuwa na miaka kumi na mmoja na mama yake alikuwa bado anamfungia kamba za viatu.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa za matusi. Msomi mmoja kutoka Uholanzi aliuliza kama neno "shabiki" halidhalilishi. Shabiki mmoja wa mji wa Stoke akamjibu aende akajiulize huko huko alikotoka. Daktari Felgate akasugua viganja kwa furaha.

"Mnaona? Mazungumzo," akasema.

Halafu ukatokea ujumbe huu kwenye kitambaa, nao nimeushika neno kwa neno:

"Naitwa Alonzo Tibbs. Niko Toledo, Ohio. Mjukuu wangu amenifungulia huu wimbo hapa. Ni mimi ninayeimba. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mmeukimbiza, na mimi si mwanamke. Naomba muweke jina langu."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

"Tulijua matapeli watakuja," akasema Daktari Felgate. Akaandika: "Bwana Tibbs, una chanzo gani cha dai lako?"

"Chanzo ni mimi," yule akajibu. "Jina langu liko kwenye lebo. Lebo ya kijani."

"Hakuna aliyewahi kuiona hiyo lebo," akaandika daktari.

Roy akadakia, mdomo umejaa tango. "Mzee anataka umaarufu wa bure huyo. Mwambie atuimbie basi tumsikie."

Na aliandikiwa kweli, na watu kumi na saba, niliwahesabu, kila mmoja amejificha nyuma ya jina la kubuni. Aimbe. Alete risiti. Aone haya kuiba sauti ya mwanamke. Yule mzee akajibu mara moja tu: "Mke wangu alifariki hajaamini kwamba niliwahi kuimba. Nimebaki na huyu mjukuu. Muweke jina langu tu, sitaki kingine."

Daktari Felgate akanigeukia. "Bi Beryl, wewe ndiye msimamizi. Anatuharibia uzinduzi. Mfungie."

Lebo ilikuwa ya kijani. Niliiona mwenyewe siku Norman alipoifungua kutoka kwenye kifurushi, kabla hatujaikatia karatasi. Jina sikulisoma, nilikuwa nakaanga bekoni, lakini rangi niliiona. Nikamtazama daktari, nikamtazama Roy, watu wawili ambao nisingewaachia hata paka wangu. Nikabonyeza, nikamfungia Alonzo Tibbs. Wakanipigia makofi, na mimi nikachukua sandwichi nyingine.

Sitaki mtu aniambie nilishinikizwa. Nani wa kunishinikiza, Felgate? Nilimfungia kwa sababu kama yule mzee ni wa kweli, basi Norman wangu alikuwa mwizi, na mimi ndiye niliyemkatia ile karatasi kwa mkasi.

Asubuhi ya Jumamosi nilichemsha birika, nikaiweka lebo kwenye mvuke. Gundi ya Norman ilikuwa ya unga wa ngano, ikaachia polepole. Chini yake kijani, na herufi nyeusi: ALONZO TIBBS. Nikaicheza kwa mwendo wake halali. Ni mtoto wa kiume jamani, sauti inatetemeka kidogo mwanzoni, anaogopa kipaza sauti, halafu anajisahau. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani.

Jumatatu nilimpelekea daktari santuri ofisini. Aliishika kwa ncha za vidole. Kwanza akawa mweupe, maana kitabu kilikuwa tayari kimekwenda kuchapwa.

"Tusiwe na haraka, Bi Beryl."

"Haraka ya nini? Mzee ana miaka karibu sitini na jina lake hili hapa."

Akazungukazunguka ofisini, na nikamwona anavyopata nafuu. "Unajua," akasema, "hili kwa kweli linaimarisha hoja yangu. Mwanaume aliyegeuzwa mwanamke na mashine! Hii ni makala nyingine kabisa."

"Mpigie simu kwanza umwombe radhi."

"Kwa wakati wake. Lazima tufikirie namna ya kumtambulisha."

Nikachukua santuri yangu nikatoka bila kuaga. Nilipofika nyumbani nilipiga picha ya lebo nikaiweka jukwaani. Hadi jioni kulikuwa na majibu mia mbili na kumi. Wasomi walibishana maana ya kuficha jina. Mashabiki walibishana kama wimbo unachezeka kwa mwendo wa polepole, na Roy akaandika kwamba yeye alijua tangu zamani. Katika hao mia mbili na kumi hakuna hata mmoja aliyeuliza Alonzo Tibbs yuko wapi. Alikuwa amefungiwa, pale pale nilipomwacha.

Nikamfungulia. Nikamwandikia faragha kwamba mimi ni mjane wa dijei, kwamba mimi ndiye niliyemfungia, kwamba picha ya lebo iko pale aione na mjukuu aione, na kwamba naomba radhi. Nikamweleza pia ile desturi yetu ya karatasi, kwa kirefu, kwa adabu, jinsi ilivyokuwa mchezo tu na kila dijei aliufanya. Nilimweleza na ukumbi, watu mia tisa kila Jumamosi, poda sakafuni ili viatu viteleze, wanamwimbia Loretta kwa sauti moja.

Jibu lilikuja kesho yake asubuhi.

"Asante kwa picha, mama. Nimeichapa, mjukuu ameibandika kwenye friji. Swali moja tu. Miaka ile nilikuwa nabeba mizigo boharini na kuwaambia watu kwamba nimewahi kuimba, wananicheka. Hao watu mia tisa, kuna hata mmoja aliyemuuliza mumeo huyu anayeimba ni nani?"

Niliupitisha ukumbi wote kichwani. Nilitafuta mtu mmoja, hata mlevi, hata mtoto. Nilijitafuta na mimi mwenyewe, mezani, na mkasi mkononi.

Nikamwandikia: "Hapana. Tulijua kuna jina chini ya karatasi. Tulikuwa tunacheza."