Jina la Odelia Krantz Kwenye Faharasa

Kaunti ya Tarbell, kule Nebraska, ilipotimiza miaka mia moja iliamua kuandika historia yake, na kwa kuwa hakuna aliyetaka ukweli uandikwe, kazi ikapewa kamati. Mwenyekiti alikuwa Delbert Hoagland, mwenye maghala ya mahindi, bwana aliyeweza kumsifu baba yake saa nzima bila kumeza mate. Kupiga chapa, kupanga picha na kupika kahawa ya kamati vikaachiwa Verna Lutz, mjane mwenye mashine ya chapa na ambaye, kwa maoni ya kamati, hakuwa na la kufanya.

Kanuni ilikuwa moja. Kila ukoo uandike ukurasa wake, na asiguse mtu hata nukta bila idhini ya ukoo. Si bure. Kitabu cha miaka hamsini nyuma kilitaja kwamba babu mmoja alihama Ohio juu ya farasi wa jirani, na hadi leo koo mbili hukaa pande tofauti za kanisa.

Basi kurasa zikamiminika, na loo, kumbe kaunti ilijaa malaika! Hakuna aliyewahi kulewa wala kunyang'anywa shamba. Walowezi wa kwanza walikuwa saba, na kila mmoja alifika akakuta nyasi tupu. Verna alichapa yote kama yalivyo, akicheka peke yake jikoni.

Kilichomkatiza kicheko ni dhoruba ya theluji ya mwaka 1931. Watoto kumi na tisa walikwama shuleni, kuni zimekwisha, akaja mtu na sleji, gari la kuteleza thelujini, la farasi wawili, akawaokoa wote. Verna alikuwa mmoja wao, wa miaka saba. Alikumbuka mgongo mpana na skafu iliyofunika uso. Sasa koo kumi na moja zimeandika kwamba mtu yule alikuwa mzee wao, na ukoo wa Hoagland umeweka na picha. Wangekuja wote, kila mmoja asingepata hata watoto wawili wa kuokoa.

Jina moja halikuwemo popote. Odelia Krantz, opereta wa simu, alikaa kwenye mtambo siku tatu bila kulala, akipigia nyumba moja baada ya nyingine watoto waokolewe. Hakuolewa wala hakuzaa, na asiye na ukoo hana ukurasa. Sasa alikuwa na miaka themanini na tisa, katika nyumba ya wazee, na kila Jumapili Verna akimpelekea pai alimuuliza lile lile.

"Kitabu kimetoka?"

"Bado, Bi Odelia."

"Nimo?"

Verna aliishia kukata pai. Ilimuuma. Kaunti nzima ilikuwa imeokolewa na sauti ya mwanamke huyu, na haikuwa na mstari mmoja wa kumpa.

Jambo hilo akalifikisha kwenye kamati. Hoagland akakoroga kahawa.

"Verna, mama, kanuni ni kanuni. Nani aandike ukurasa wake? Waya za simu?"

Wanakamati wakacheka. Verna akacheka nao, asije akamwagia mtu kahawa ya moto, maana mkono ulikuwa unamwasha.

Kesho yake akaanza ziara. Watu wa Tarbell alikuwa anawajua: mtu husoma ukurasa wa ukoo wake mara kumi, wa jirani hausomi hata kwa fimbo. Akaanzia kwa Orville Dvorak.

"Ukurasa wako mzuri, Orville. Ila mgeni akisoma atauliza, baba yako alijuaje kama watoto wamekwama?"

"Alihisi."

"Alihisi. Maili nne, kwenye theluji."

Orville akajikuna shingo. "Wewe unaonaje?"

"Tuandike alipigiwa simu na Odelia Krantz. Ndiyo ushahidi huo."

"Weka. Weka hiyo. Ila Hoagland asijue, ataiba."

"Mimi? Nimwambie kwa mdomo upi?"

Akaenda hivyo hivyo mlango kwa mlango. Wa kumi na moja ulikuwa wa Hoagland mwenyewe, naye akataka sentensi ile ianzishe ukurasa. Faharasa hutengenezwa mwisho, na kamati iliona kusoma orodha ya majina ni kazi ya mwenye mashine ya chapa. Kitabu kikachapwa.

Jumapili ile Verna hakubeba pai. Alibeba kitabu, akakifungua kwenye faharasa, akaweka kidole cha bibi kwenye jina. Krantz, Odelia, na mbele yake namba za kurasa kumi na moja. Ukoo mzima wa Hoagland ulikuwa na nne.

Odelia akavaa miwani. Akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine, akasoma yote bila haraka, na Verna akasubiri machozi. Hayakuja.

"Ni kweli," bibi akasema. "Niliwapigia wote hawa. Huyu alisema farasi wake ana kikohozi. Huyu aliniuliza, kwani mwalimu si yupo? Baba yake Delbert alikata simu."

Verna akakaa kitandani. "Sasa nani alikuja?"

"Miaka yote hiyo hukuniuliza, mwanangu." Odelia akafunga kitabu. "Jens Rask. Kibarua wa Hoagland, aliyelala kibandani karibu na shule. Aliona bomba la jiko la shule halitoi moshi, akachukua farasi wa tajiri wake bila ruhusa. Mzee Hoagland akamfukuza kazi wiki ile ile. Rask simu hakuwa nayo; haya niliyasikia kwenye waya, mzee akilalamika."

"Alikuwa na watu?"

"Hata mbwa."

"Kitabu kimeshachapwa, Bi Odelia."

"Wewe kalamu huna?"

Nakala mia sita zilikuwa kwenye maboksi ukumbini, zikingoja uzinduzi wa Jumamosi, na ufunguo ulikuwa kwa Verna, kwa sababu kamati haipendi kufagia. Jumatatu asubuhi akaenda na chupa ya wino mweusi. Kwenye kila faharasa, chini ya herufi R, akaandika jina la Rask, na mbele yake namba ya ukurasa wa Hoagland. Kwenye ukurasa huo, chini ya picha ya mzee, akaandika nani aliendesha farasi na alilipwa nini.

Alianza na nakala ya mwenyekiti, ile yenye jalada la ngozi.