Mguu wa Maree

Kule Kurrundi, bara kwenye mashamba ya ngano, maji ni ya kondoo na ya watu. Uwanja wa gofu haupati hata tone. Kwa hiyo grini zao, pale penye shimo na bendera, si za majani. Ni mchanga uliochanganywa na oili chafu, mweusi, na kabla hujasukuma mpira kwenda shimoni unaburuta bomba la chuma kuilainisha njia. Mwenye haraka hufagia kwa soli ya kiatu. Hakuna anayemlaumu.

Hapo ndipo kocha Errol Tippett alipomlea Maree Kinnane kimchezo, tangu kimo chake kikiwa sawa na mkoba wa fimbo. Baadaye Maree akaingia kwenye gofu ya kulipwa, na Errol hakupata kocha mwingine wa kumkabidhi, au tuseme hakumtafuta. Kila Jumatatu alinunua gazeti akaliacha wazi kwenye kaunta ya klabu, ukurasa wa matokeo, kama limesahauliwa. Mwaka wa kwanza jina la Maree ulilitafuta chini kabisa, karibu na matangazo ya matrekta. Mwaka uliofuata likapanda kidogo. Likapanda tena. Halikuruka hata siku moja, lilipanda kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba ndoo. Errol hakujisifu. Aliuliza tu, "Nani kaacha gazeti hapa?"

Kilichompandisha kilikuwa neno moja. Maree alikuwa akitetemeka kwenye grini za majani, mbele ya watu. Errol akamwambia, "Binti, ukifika pale jione uko nyumbani. Uone ule mchanga mweusi. Uone maghala. Halafu sukuma." Mkono ukatulia. Kuanzia hapo mpira ulitii.

Sasa ulikuwa mchuano wa mwisho wa msimu, kwenye uwanja wa pwani kusini mwa Adelaide. Ambao wangemaliza juu wangepata nafasi ya kucheza mwaka mzima unaofuata. Maree alishasema waziwazi: "Safari hii nikikosa, kocha, narudi ghalani kupima ngano. Nimechoka kulala kwenye gari."

Shimo la mwisho. Mikwaju miwili ilimtosha kuipata nafasi. Mpira wake ulikuwa hatua moja tu nje ya grini, na mbele yake palikuwa na mchanga uliorushwa na wachezaji waliotangulia walipojikwamua kwenye mtego wa mchanga wa pembeni. Lachie, kaka yake aliyembebea mkoba, alikuwa amekwenda kushika bendera. Maree akavuta pumzi, akafumba macho, akayafumbua. Kisha mguu wake wa kulia ukapita juu ya majani, taratibu, ukafagia. Akasukuma. Mpira ukatembea njia yote ukatumbukia.

Watu wakashangilia. Errol hakupiga makofi.

"Umemeza nzi?" akauliza Nola Pascoe, mpishi wa klabu, aliyekuja naye na chupa ya chai.

"Amefagia mchanga."

"Kila mtu anafagia mchanga."

"Kwetu. Hapa ukiwa juu ya grini ruksa. Nje yake ni adhabu, mikwaju miwili."

Nola akafunga chupa polepole. "Nani mwingine kaona?"

"Hakuna."

"Basi na wewe hujaona. Errol, macho yako ni ya kizee. Juzi umeipungia mkono sanamu ya kufukuza ndege shambani kwa jirani yako Hanrahan, ukanuna haikukujibu."

"Yule nilimwona vizuri. Nilidhani ni Hanrahan, ndivyo alivyo, hajibu salamu."

Nola hakucheka. "Kaa chini, mzee. Mwache mtoto wa watu apate."

Errol alikaa. Alitaka kukaa. Aliliona gazeti la Jumatatu, jina likiwa juu, herufi zile zile ndogo lakini juu. Kisha akasimama, akaelekea kwenye hema ambako wachezaji husaini kadi zao za alama, akitembea kama mwenye kiatu kinachobana.

Maree alikuwa ameshika kalamu. Uso wote kicheko. "Kocha, umeuona ule?"

"Nimeuona. Niambie, kabla hujasukuma ulifanya nini?"

"Ulivyonifundisha. Nikavuta pumzi. Nikajiona nyumbani. Nikaona maghala, nikaona mchanga, nika..."

Akautazama mguu wake wa kulia. Akautazama muda mrefu. Kisha akamgeukia mwamuzi aliyekaa mezani na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shimo la mwisho niongezee miwili. Nimefagia nje ya grini."

Akakosa nafasi kwa mkwaju mmoja.

Njia ya kurudi ni ndefu. Nola na Lachie walilala kiti cha nyuma. Maree ndiye aliyeendesha.

"Ungenyamaza, nisingejua," alisema.

"Usingejua."

"Vizuri umekuja." Akaendesha kidogo. "Sikukusudia, kocha. Nilikuwa nyumbani kweli. Sijawahi kuwa nyumbani namna ile nikiwa kule."

Alilisema kama shukrani. Errol akageukia dirisha, akatazama mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, maili baada ya maili. Angelaumiwa kwa neno lake lile, angejitetea. Hapakuwa na wa kumlaumu.

Jumatatu alinunua gazeti. Alilikunja akalikalia.

Maree alikuja klabuni baada ya kazi, vumbi la ghala kwenye nyusi, wakaenda kwenye grini ya kwanza. Errol akaburuta bomba, akamlainishia njia. Maree akasukuma kutoka mbali, mpira ukaingia. Akarudia, ukaingia. Mkono ulikuwa mzuri kuliko siku yoyote ambayo Errol aliwahi kuuona, na bado ulikuwa unazidi kuwa mzuri, hilo aliliona kama unavyoona mtoto akirefuka.

"Tuseme nimejaribu tena," Maree alisema bila kuinua macho. "Sisemi nitajaribu. Lakini nikiwa kule, juu ya majani, nifikirie nini sasa?"

Errol alisimama na bomba mkononi. Maisha yake yote alikuwa na jibu moja tu la swali hilo: nyumbani.

"Sukuma tena," alisema. "Nikuangalie."