Bibi Aliyekatazwa Kufa

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani tu. Juzi aliingia kifua mbele: mchapishaji ameikubali riwaya yake, kesho anakwenda kutia saini. Jamani, Profesa, ambaye hata salamu za simu anaandikiwa. Akatukalisha sebuleni atusomee. Sentensi ya kwanza tu nikaganda na kisu cha vitunguu mkononi. Ilikuwa yangu, tena ya ile rasimu ya kwanza niliyoifuta zamani.

Riwaya hiyo nimeiandika jikoni, kwenye kompyuta ya nyumba nzima, mboga zikiungua. Kila sura nilimsomea mama mkwe huku namsuka. Ana mdomo yule mama. Akinusa uongo anavuta kichwa: "Hapo umenichezea. Kaandike upya." Nanung'unika, naenda. Bibi wa kwenye hadithi alipokufa sura ya tatu, alinigomea kabisa. "Umemuua kwa sababu umechoka, hujui umfanyie nini." Iliniuma, maana ni kweli. Kumfufua kulinibomolea kila kilichofuata. Nilijenga tena, nikalia, nikajenga.

"Shemeji, hiyo ni kazi yangu," nikamwambia.

Akacheka. "Una ushahidi? Kompyuta ni ya wote."

Mume wangu akatazama sakafu, mke huku, ndugu kule. Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilijua kesho akishatia saini, nitabaki kuitwa shemeji mwenye wivu.

"Endelea," nikasema. "Fika sura ya tatu."

Sikumtazama yeye, nilimtazama mama yake. Niliogopa. Huyu ni mwanawe wa kumzaa, mimi nimeolewa tu hapa. Profesa akasoma kwa madaha, akabana sauti pale bibi anapokata roho.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Huyo bibi nilishamkataza kufa."

"Mama, hii ni hadithi tu."

"Alipona. Sura ya tano anamfokea mwenye nyumba, halafu anamwozesha mjukuu wake. Nimemcheka mpaka mbavu zikauma." Akamgeukia mwanawe. "Mwenzio amehangaika kumfufua, wewe umekwenda kuokota alichokitupa. Kesho tunakwenda wote kwa mchapishaji. Utasema mwenyewe, au nitakusemea."

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nitasema mwenyewe," akajibu. Uso wa mama mkwe ulikuwa umeloa machozi, na nilimwonea huruma kuliko nilivyofurahi.

Kisha akanigeukia mimi. Nilidhani atanipa pole.

"Na wewe, ule mwisho ulionisomea jana ni uongo mtupu. Wote wanapatana kwa sababu umechoka."

"Mama, leo?"

"Mchapishaji anamngoja mwenye kitabu. Utampelekea uongo?"

Nikampa mume wangu kisu na vitunguu vyake. Nikaenda kuwasha kompyuta, nikaufuta ule mwisho wote, nikaanza.